Ngata ya Mkono wa Kushoto

Swali lilikuwa moja, na kila aliyeingia uani kwa Anne aliingia nalo kama mtu aliyebeba kaa la moto na hana pa kulitua: Clovis iko wapi?

Padri aliuliza kwa upole. Chef, mkuu wa mtaa, aliuliza akiwa amesimama, maana alikuwa na nyumba nyingine za kupita. Sévère, shemeji yake Clovis, aliuliza akiwa amemkaba kijana shati shingoni. Na Marcellin, mtoto wa Anne, aliyekuwa amekaa siku kumi na mbili kwenye kigoda kimoja chini ya bati la baraza, alimjibu kila mmoja wao kwa maneno mawili yaleyale, kwa sauti ya chini, bila kucheka.

"Minye huyu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomletea kofi la Sévère. Mtu anaulizwa habari ya mwenzake aliyepotea, anajigusa kifua na kusema ni yeye. Wengine walisema ana wazimu. Wengine walisema anamcheka maiti.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, vita vya pili vikiwa vimekwisha kuzoeleka kama malaria, askari waliingia kijijini Mutarule asubuhi ya kupalilia mihogo wakakamata wanaume wa kubeba masanduku ya risasi hadi nyanda za juu. Hawakuuliza kabila. Clovis Ndayiragije, Murundi, na Marcellin, Mufuliiru, walikutwa shamba moja, kwa kuwa tangu watoke darasa la sita walikuwa wakilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walifungwa kamba moja. Nyuma yao kijiji kikatawanyika, kila upande ukinyooshea mwingine kidole, watu wakakimbilia Uvira mjini. Anne akapata chumba Kimanga. Generose, mama yake Clovis, akapata chumba Kilibula pamoja na Belyse, mke wa Clovis. Baada ya miezi tisa akarudi mmoja peke yake. Aliyerudi ni Mufuliiru, asiyerudi ni Murundi. Miaka ile, habari fupi namna hiyo ilitosha kuchoma nyumba. Na Sévère, kaka yake Belyse, alikuwa na marafiki wenye petroli.

Kwa hiyo Anne alikwisha kata shauri. Alhamisi asubuhi Marcellin angepanda mtumbwi wa mota, avuke ziwa hadi Kigoma kwa mjomba wake, na yale anayoyajua avuke nayo.

Siku ya Jumatano ndipo Generose alipokuja.

Kwa siku kumi na mbili hakuuliza. Watu walishangaa. Belyse alimwambia, "Mama, kila muntu ameuliza isipokuwa weye uliyemzaa." Generose akasema kuku ukimkimbiza anaruka ukuta, ukimwagia mtama anakuja mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba aliogopa, kwa sababu alijijua. Akiuliza, atajibiwa.

Kule Mutarule, penye kilio, kulikuwa na mtu wa kuchimba, mtu wa kupika, na Generose. Yeye alitumiwa mtoto wa kumwita pale mfiwa alipokuwa amekauka, halii, hali, hasemi, macho yamesimama ukutani. Hakuwa na dawa. Aliketi chini karibu naye, akauliza kitu kidogo. Marehemu alipenda chumvi nyingi au kidogo? Viatu vile alivinunua soko gani? Hakuuliza kwa nini, maana kwa nini ni swali la jaji. Mfiwa akitoa neno moja, Generose alilipokea, akalirudisha mkononi mwake kama mtu anayekurudishia jembe uliloacha katikati ya tuta, nawe unajikuta unaendelea kulima. Kabla jua halijageuka mtu alikuwa analia. Hapo ndipo watu waliposhukuru, maana aliyelia atapona.

Lakini wale walikuwa wafiwa wa watu wengine.

Na nyumbani Kilibula kulikuwa na ile sahani. Kila adhuhuri Belyse alipakua bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akapakua sahani ya tatu, akaifunika, akaiweka juu ya meza. Miezi tisa. Si mke, si mjane. Hakuweza kukaa chini kama waliofiwa, hakuweza kuvaa nguo ya rangi kama walio na waume. Jioni Generose aliila ile sahani ikiwa imepoa, kwa siri, ili chakula kisitupwe, na kila tonge lilimpita kooni kama anamla mtoto wake.

Basi aliingia kwa Anne na kikapu cha mihogo kichwani.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Clovis," Anne akajibu kutoka kwenye jiko.

Marcellin akainua kichwa.

Generose aliliona hilo. Kijana aliinua kichwa upesi, kama mtu aliyeitwa, kisha akakirudisha chini. Generose akaliweka moyoni, hakulisema.

"Na weye umekuja kumuuliza," Anne akanong'ona, akimsaidia kutua.

"Nimekuja kutua mihogo. Shingo inaniuma."

"Itakosa kuuma namna gani? Nyinyi Barundi munapanga mizigo juu ya kichwa kama munajenga nyumba ya etaji."

"Na nyinyi munajifunga kamba ya mugozi pa kipaji cha uso kama ng'ombe wa kukokota. Leta kisu."

Ulikuwa mzaha wao wa miaka ishirini, na Anne aliucheka nusu, nusu nyingine ikamshinda. Alishika mkono wa Generose. "Kesho asubuhi anavuka. Kama ni leo, ni leo. Lakini minye nakuomba, ukijua, hata ikiwa neno baya, usitoke hapa bila kuniambia."

"Utasikia mwenyewe. Kaa kwenye sufuria yako, usigeuke."

Generose akaketi kwenye mkeka, si mbele ya Marcellin, bali ubavuni, wote wawili wakitazama upande mmoja, kwenye lango. Ngata yake, ile pete ya majani makavu ya mgomba aliyoweka kichwani chini ya kikapu, ilikuwa imefumuka njiani. Aliitupa chini karibu na miguu ya kijana. Akaanza kumenya mihogo.

Akamenya mhogo wa kwanza. Akamenya wa pili. Kijana alikuwa amekonda hadi masikio yakaonekana makubwa, na kwenye kipaji, nywele zinapoanzia, ngozi ilikuwa na kovu jekundu. Kwenye mhogo wa nne, mkono wake ukashuka chini ukaokota ile ngata. Hakuitazama. Vidole vilifumua majani, vikayanyoosha, vikaanza kuyasokota upya, unyayo wake ukiwa umebana ncha.

Kisu cha Generose kikasimama.

Mufuliiru hajui ngata. Mama yake, bibi yake, wote hubeba mgongoni, kamba pa kipaji. Huyu alikuwa anasokota kama mtoto wa Kirundi, na alikuwa anasokota kinyume. Watu wote husokota ngata kuelekea kulia. Katika Mutarule nzima mtu mmoja tu alisokota kuelekea kushoto, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na akili. Mwalimu alimchapa sana kwa mkono ule. Wanawake walimcheka, wakasema Clovis, ngata yako ukiiweka kichwani inageuka kutafuta njia ya nyumbani.

Moyo ukamwambia Generose, uliza sasa. Akaukalia moyo.

"Majani ya mgomba," akasema akiendelea kumenya, "huko juu yalipatikana?"

Kuku akapita, akarudi.

"Huko juu hakuna migomba," Marcellin akasema.

Kwenye jiko mwiko wa Anne ukagonga sufuria. Katika siku kumi na mbili yalikuwa maneno ya kwanza nje ya yale mawili. Generose akampungia Anne mkono chini kwa chini: usigeuke.

"Huko juu kuna nini?"

"Mianzi. Na baridi."

"Jani la mwanzi si linakata?"

"Linakata. Ndiyo maana tulitumia mkono wa shati."

"Mkono wa shati," Generose akamrudishia.

"Ile ya mistari ya buluu."

Generose alilijua shati lile. Mfuko wake ulishonwa na Belyse, kwa uzi mweusi, maana wa buluu ulikuwa umekwisha. Akachukua mhogo mwingine. "Mkono mmoja unatosha ngata?"

"Unatosha muntu mmoja. Alikata mikono yote miwili, mmoja wake, mmoja wangu. Akanifundisha kusokota. Minye nilikuwa sijui. Alinicheka njia nzima."

Maneno yalikuwa yanakuja, na Generose akafanya kosa. Alikuwa mama kabla ya kuwa fundi, na mama aliharakisha.

"Mulikuwa wangapi huko?"

Vidole vikasimama. Marcellin akatazama lango kana kwamba kuna mtu anaingia na kitabu. Yale mawili yakatoka. "Minye huyu."

Generose alijua amefunga mlango kwa mkono wake. Hakujua kwa nini swali la idadi lilikuwa baya, lakini alijua lilikuwa baya. Kulirudia ni kuugonga mlango kwa mguu. Kunyamaza sana ni kumwacha arudi kule alikokuwa. Akamenya mihogo mitatu, akakumbuka jambo moja alilojifunza kwa wafiwa wakaidi: mtu anaweza kukataa kukujibu mwaka mzima, lakini hawezi kukusikia unasema uongo juu ya kazi anayoijua.

"Basi minye nasikia huko juu afadhali mugozi," akasema. "Ngata mvua ikinyesha inateleza. Ni kazi ya kipumbavu."

"Nani amekudanganya?" Marcellin akasema.

"Mama yako huyu."

"Minye?" Anne akasema kutoka jikoni.

"Si ulisema juzi, Mama Marcellin?"

Anne akaelewa. "Nilisema na ninarudia. Mugozi ni mugozi."

"Mugozi unakata," Marcellin akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira ndogo, hasira ya mtu mzima. "Mama, weye unabeba kuni. Kuni ina mgongo wake, inalala. Sanduku ya risasi haina pa kulala, kona inaingia hapa, na mugozi unakata hapa." Akajigusa kovu. "Siku tatu nilibeba kwa mugozi, damu ikawa inaingia machoni, sioni njia. Ndipo akakata shati. Akasema, mzigo wa kichwa unakuacha na macho. Ukiwa na macho utaona pa kukanyaga."

"Ukiwa na macho utaona pa kukanyaga," Generose akasema. Ilikuwa sauti ya Clovis kabisa. "Na asubuhi, siku ilianza namna gani?"

Swali lile aliliuliza kama anauliza habari ya hewa. Lilikuwa swali pana, mtu anaweza kuingilia upande wowote, na Marcellin akaingia.

Asubuhi, akasema, sekreteri, karani wa askari, alikuja na kitabu cha shule. Akaita majina. Ukiitwa, unaitika, unapewa kikombe cha mahindi ya kuchemsha. Usipoitika, kikombe chako anapewa mwingine. Sekreteri hakuinua macho, hakujua sura ya mtu. Yeye alijua sauti na wino. Kisha Marcellin akapata homa, akawa hawezi kusimama, akalala chini ya turubai nyuma ya masanduku, na mwenzake akawa anaitika mara mbili.

"Mara mbili kwa sauti moja?"

"Hapana. Ya kwanza nzito, ile yake. Ya pili nyembamba, ya mwanamke anayeuza samaki ya mukeke." Kitu kikapita usoni kwake, karibu kicheko. "Bantu walibana vinywa wasicheke. Sekreteri alichovya tu kalamu. Vikombe viwili, kila siku. Kimoja changu."

Generose alicheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake, aliyemwigiza padri, mwalimu na kila mama wa soko. Alicheka na kisu mkononi, na machozi yakapata njia, akayaacha yashuke bila kuyafuta, ili mkono usimshtue kijana.

"Halafu siku moja..." Marcellin akasema.

Jembe lilikuwa kwenye tuta la mwisho. Generose angeweza kuliacha pale. Aliwaza sahani juu ya meza.

"Halafu siku moja sekreteri..."

"Hakuwa sekreteri. Alikuja mwingine, tulikuwa hatumjui. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na karatasi ndogo, imekunjwa. Aliita majina matano. Sisi tulijua ni mahindi." Alikuwa sasa anaishika ile ngata kwa mikono miwili. "Jina la nne lilikuwa Marcellin."

Alilitaja kama jina la mtu mwingine, mtu wa kijiji cha jirani. Generose akamfuata hapohapo aliposimama.

"Na Marcellin alikuwa wapi?"

"Chini ya turubai. Siku mbili hajabeba. Wote watano walikuwa ni wale hawajabeba."

"Nani akaitika?"

Marcellin akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa sauti yake. Kilikuwa kinene, cha uchangamfu, kimevutwa kidogo mwishoni.

"Karame."

Anne akageuka. Generose akafumba macho.

Kwa Warundi, mkubwa akikuita huitiki ee, wala nini. Unaitika karame, yaani uishi sana. Generose aliwafundisha watoto wake neno hilo kabla hawajajua kutembea. Mtoto akichelewa kuitika alipata fimbo. Kataa neno, usikatae wito, aliwaambia. Ukiitwa itika kwanza, ulichoitiwa utakijua baadaye. Katika watoto wote, Clovis ndiye aliyeshika. Ungemwita akiwa ng'ambo ya mfereji, usingizini, mdomo umejaa, karame ilikuja kabla jina halijaisha.

Na kwa Warundi hao hao, mtu aliyekufa hawasemi amekufa. Wanasema ameitika Imana, Mungu.

"Aliitika kwa sauti yake," Marcellin akasema. "Sijui kwa nini hakuchukua ile nyembamba. Pengine alisahau. Yule wa karatasi akamwambia wee, simama. Akasimama. Wakaambiwa watano wakateke maji." Akaigeuza ngata mikononi. "Hawakupewa bidon. Hata moja. Minye nililiona hilo nikiwa chini ya turubai, nikasema mbona wanateka maji bila bidon."

"Mto ulikuwa mbali?"

"Karibu. Tulisikia risasi."

Sufuria ya Anne ilikuwa inaungua, harufu ikaenea, hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Kesho yake kikaja kitabu," Marcellin akaendelea, na sasa hakuhitaji kuulizwa, maneno yalikuwa yanateremka yenyewe. "Marcellin amefutwa kwa mstari. Wakaita Clovis Ndayiragije. Kimya. Wakaita mara ya pili. Mara ya tatu yule sekreteri akainua macho, minye sijawahi kuona macho yake, akasema huyu naye amekimbia? Na aliyekimbia, wanaobaki ndio wanalipa. Bantu wote wakaniangalia. Basi nikatoka chini ya turubai. Homa iliniacha palepale. Nikaitika, minye huyu. Nikapewa kikombe chake. Nikala. Miezi saba, mama. Kila asubuhi. Clovis Ndayiragije, minye huyu. Halafu ikaja vita siku ya mvua ile kubwa, nikakimbia. Nikafika hapa, kila muntu ananiuliza, Clovis iko wapi, Clovis iko wapi. Mdomo unajibu wenyewe."

Ndiyo hiyo. Watu walikuwa wanamwita kila siku, wakamchapa kwa kuitika.

Generose akaweka kisu chini. Alibakiwa na maswali matatu, akayauliza kwa mpango wake.

"Nani alimfunika?"

"Minye. Tulirudi njia ile siku ya pili, wakaturuhusu kuteka maji. Kweli safari hii. Wengine walisimama mbele yangu. Nilichimba kwa kifuniko cha sufuria. Haikuwa kina, mama, udongo ule una mizizi ya mianzi. Lakini niliweka mawe. Watano wote niliwawekea mawe."

"Mtu akitaka kufika pale, atashika njia gani?"

Akamweleza. Unapanda hadi njia inapogawanyika, unaacha ile ya ng'ombe, unashuka na mianzi mkono wa kulia hadi usikie maji. Kuna jiwe jeupe kama mbuzi amelala. Yeye yuko wa kwanza kutoka kwenye jiwe. Chini ya kichwa chake kuna ngata, ule mkono wa shati, ili asilale kwenye mzizi.

Generose alirudia njia yote kwa sauti, mara mbili, kama mtoto anayekariri katekisimu. Kisha akauliza la tatu. Hilo hakuwa na haja nalo kwa ajili ya kilio, wala kwa ajili ya Belyse. Lilikuwa lake.

"Walipoliita lile jina. Aliitika upesi, ama alikawia?"

Kwa mara ya kwanza Marcellin akamgeukia. Generose akamwona anatafuta. Aliona anapima majibu mawili kama mtu anayepima mihogo mikononi, lipi jepesi kwa mwanamke mzee. Akisema alikawia, itakuwa Clovis aliiona ile karatasi, akamtazama mwenzake chini ya turubai, akajua, akachagua. Lingekuwa jibu zuri. Mama angeweza kulala nalo. Lingeweza kusemwa kanisani.

Marcellin akaliokota, kisha akaliacha.

"Upesi, mama," akasema. "Jina halijaisha."

Generose akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameuliza vizuri.

Kivuli cha bati kilikuwa kimeingia mkekani. Mwishowe akanyoosha mkono, akachukua ile ngata iliyosokotwa kushoto kutoka mikononi mwa kijana.

"Sasa unisikilize," akasema. "Jina lile uniachie. Lilikuvusha, sawa. Chakula chake ulikula, sawa, hata minye nimekila. Lakini nataka kumlilia, na siwezi kumlilia muntu ambaye kila siku kuna mdomo unasema minye huyu. Niachie niende nalo nyumbani. Weye una lako."

"Langu lilifutwa."

"Lilifutwa na nani? Mama yako alilifuta?" Akasimama, akaegemea ukuta hadi goti likanyooka. Akamwita, sauti ya uani, sauti ya kumwita mtoto aliye ng'ambo ya mfereji. "Marcellin."

Kijana akatazama chini.

"Marcellin."

Anne alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Marcellin."

"Minye..." Akainua kichwa. "Minye huyu."

Yalikuwa maneno yaleyale mawili, lakini safari hii yalikuwa mahali pake. Anne akaja akakaa chini mbele ya mtoto wake, akaweka paji la uso kwenye magoti yake. Baada ya muda akageuka kumtazama mwenziwe, akaanza, "Mama Clovis..." Yeye alikuwa na mtoto. Alikuwa naye kwa sababu ya neno moja la Kirundi.

"Uniite hivyo hivyo," Generose akasema. "Usibadili. Kesho mtumbwi usimwache. Sévère niachie minye, nitamwambia njia ya mlimani, aone kama petroli itamfikisha."

Mihogo aliiacha. Ngata akaipachika mkononi kama bangili, akatoka.

Kutoka Kimanga hadi Kilibula si mbali, lakini jua lilikuwa kichwani na ziwa upande mmoja likimulika hadi macho yanauma. Akina mama wa ndagala walimsalimu, akawaitikia wote mmoja mmoja. Njiani alikuwa anapanga. Atamwambia Belyse habari ya shati, ya mikono miwili, ya sauti ya mwanamke wa mukeke. Belyse atacheka kwanza, na ni vema acheke kwanza. Atamwambia mawe na jiwe jeupe. Kisha Belyse atauliza, maana ni mke, na wake huuliza: alijua? Hapo ndipo alipokwama. Alifika kwenye mlango bado amekwama.

Belyse alikuwa ndani, amempa mgongo. Alikuwa amekwisha kupakua. Sahani mbili wazi, ya tatu mkononi, anatafuta kifuniko.

Generose akasimama kizingitini. Alijua njia ya kuingia kwenye moyo wa kila mfiwa wa Mutarule, na hakupata swali hata moja. Akamwita tu jina.

"Belyse."

"Karame, mama," Belyse akaitika, upesi, jina halijaisha.

Generose akavua viatu. Akaichukua ile sahani mkononi mwake, akaiweka bila kuifunika. Kisha akatandika mkeka chini, katikati ya chumba, akaketi, akapiga mkeka kwa kiganja pale pembeni yake, Belyse aje akae.